Mbabula, Hita na Sheria: Tunayoambiana Kuhusu Baridi ya Massachusetts, na Ukweli Wake

Mwishoni mwa Novemba alinipigia simu mama mmoja wa Uvira, Kongo, ana wiki sita tu hapa Lowell, Massachusetts, na watoto wanne. Baada ya salamu akauliza, "Ndugu yangu, hapa mbabula inauzwa wapi?" Mbabula kwao ndilo jiko la makaa kwetu. Nikamuuliza kama ana sherehe ya kuchoma nyama. "Hapana," akasema, "watoto wanalala na makoti."

Nilifika jioni ile. Redieta, vile vyuma vya kupashia vyumba joto, zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nilikuwa nimebeba kipimajoto kidogo cha dukani, nikakitundika ukutani, kikasoma nyuzi 58 za Farenhaiti, yaani kama 14 za Selsiasi. Kwake hiyo ndiyo Marekani: nchi ya baridi, mtu avumilie. Hakujua kwamba nyumba ile ilikuwa inavunja sheria ya jimbo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika pembeni maneno tunayoambiana kanisani, msikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu joto la nyumba. Mengine ni hasara ya pesa tu. Mengine yanaua.

"Nikiacha dirisha wazi kidogo, jiko halina neno."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nimekua nayo. Kwetu Molo, Kenya, baridi ya Julai ikikaza, jiko liliingizwa ndani likishaacha kutoa moshi. Wazee walisema makaa yakishakolea hayana ubaya. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hatari yenyewe. Moshi utakuchoma macho utoke nje, lakini kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila kubeba pumzi. Kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, usingizi unakuja mzito, na mtu anadhani ni uchovu wa shifti ya usiku.

Nyumba ya mbao na mabati ina nyufa za kila upande, na hata humo watu wetu wamekufa. Nyumba za huku zimezibwa: madirisha ya vioo viwili, milango yenye mpira ukingoni, kuta zilizojazwa sufi ya kuzuia baridi. Upenyo wa dirisha hauwezi kushindana na beseni la makaa.

Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika jimbo la Washington, watu wakaingiza majiko ya makaa na jenereta ndani. Baadhi yao walikufa na mamia wakatibiwa, wengi wakiwa wahamiaji, Wasomali miongoni mwao. Gazeti la Seattle Times likaweka onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, kwa sababu onyo la Kiingereza peke yake lilikuwa haliwafikii waliokuwa wanakufa.

Na si makaa tu. Boila (mtambo wa kupasha nyumba joto) ya gesi, mafuta au propani inatoa hewa hiyohiyo, ila inaitoa nje kwa bomba. Januari 2005, mjini Plymouth katika jimbo letu hili, theluji ililiziba bomba la namna hiyo, na mtoto wa miaka saba, Nicole Garofalo, akafa. Sheria iliyozaliwa na msiba huo inaitwa Sheria ya Nicole, na ilianza kutumika Machi 31, 2006. Inataka kila nyumba yenye chombo kinachochoma mafuta, gesi au kuni, au yenye gereji iliyoungana nayo, iwe na king'ora cha kaboni monoksidi kila ghorofa, na kisizidi futi 10 kutoka mlango wa chumba cha kulala. Ni wajibu wa mwenye nyumba kukiweka. Wajibu wetu sisi ni kutokitoa betri. Na theluji ikianguka usiku, kabla ya kufukua gari, zunguka nyuma ya nyumba ufukue bomba.

Jifunze pia kusikiliza. Milio minne ya haraka, kimya, halafu minne tena: ni kaboni monoksidi, toeni watu wote nje na mpige 911, namba ya dharura, mkiwa nje. Milio mitatu mitatu ni moshi. Mlio mmoja mfupi baada ya kila nusu dakika au dakika ni betri inaomba kubadilishwa, au chombo kimezeeka.

Najua kinachofanya watu wa kwetu wavichomoe: chapati. Sufuria ikipata moto, king'ora cha moshi kinalia, mtu anapanda kiti anakinyofoa. Kanuni za hapa zimelitazama jambo hilo. Ndani ya futi 20 kutoka jikoni au bafuni, kitambua moshi kinatakiwa kiwe cha aina inayotumia mwanga, kwa kuwa hakishtuki ovyo kwa moshi wa kupikia. Chako kikilia kila unapokaanga, huenda umewekewa aina isiyofaa. Mwombe mwenye nyumba abadilishe, na maombi yawe kwa maandishi.

"Baridi ya ndani ni ya kuvumilia. Ndiyo nchi yao."

Kanuni za afya za Massachusetts zinataja namba. Kuanzia Septemba 15 hadi Mei 31, kila chumba cha kuishi na kila bafu kiwe na angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5 usiku. Kuanzia hapo hadi asubuhi joto lisishuke chini ya 64, kama 18 za kwetu. Linapimwa futi 5 juu ya sakafu na zaidi ya futi 5 kutoka ukuta wa nje. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana na mwenye nyumba kuhusu nani anahisi baridi na nani amezoea. Nunua kipimajoto, andika tarehe, saa na namba, na kipige picha kikiwa ukutani.

Kukosa joto kunahesabiwa dharura. Ukipiga simu Bodi ya Afya ya mji wako, mkaguzi anatakiwa aje ndani ya saa 24. Kwa yule mama wa Uvira alikuja kesho yake asubuhi, akapima, akaandika karatasi. Fundi wa boila, ambaye kwa wiki mbili alikuwa "yuko njiani", alifika kabla ya saa kumi jioni.

Namba hizi ni za hapa tu, ndugu. Ukihamia kwa shemeji yako jiji la New York, msimu unaanza Oktoba 1 na usiku wanadai nyuzi 62. Ukienda Maine, sheria inauliza kama mtambo una uwezo wa kufikisha nyuzi 68 hata nje ikiwa 20 chini ya sifuri ya Farenhaiti. Maine pia inaruhusu mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane kwa maandishi joto lishuke hadi 62, lakini si katika nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano au mzee aliyepita 65. Msitumiane karatasi ya jimbo moja mkaisoma kama ya Marekani nzima.

"Mwenye nyumba ameniletea hita, basi amemaliza."

Hajamaliza. Hita ya kubebeka haichukui nafasi ya mfumo wa joto anaopaswa kuutunza. Zile za mafuta ya taa zisizo na bomba la kutolea hewa zimepigwa marufuku kabisa majumbani katika jimbo hili.

Hapa nieleze kitu ambacho hakuna aliyenieleza mimi. Kwetu umeme ni volti 240, huku ni 120. Hita ya wati 1500 ikichomekwa Molo inavuta ampia 6 na kidogo. Hita ileile ikitengenezwa kwa umeme wa hapa inavuta ampia 12 na nusu, mara mbili. Saketi ya chumba kwa kawaida ni ya ampia 15. Sasa chukua ekstensheni ile nyembamba ya dola chache, pitisha chini ya zulia ili watoto wasijikwae, halafu acha hita iwake usiku kucha.

Ndivyo nilivyofanya baridi yangu ya kwanza. Nililala na hita miguuni, na usiku nikaamshwa na harufu kama ya ndara iliyoungua. Nilipoinua zulia, waya ulikuwa laini kama mshumaa, na ngozi yake imeacha mstari wa kahawia kwenye sakafu ya mbao. Niliposhika plagi nilirudisha mkono haraka. Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi saba.

Januari 9, 2022, Bronx katika jiji la New York, hita iliyokuwa ikiwaka siku nyingi mfululizo ilianzisha moto katika jengo la ghorofa 19 liitwalo Twin Parks North West. Walikufa watu 17, wanane kati yao watoto. Wengi walikuwa familia za kutoka Gambia. Moto wenyewe haukufika mbali. Kilichoua ni moshi, kwa sababu mlango wa nyumba iliyoungua haukujifunga wenyewe kama sheria ya jiji ilivyotaka, na moshi ukapanda ngazi. Kama jengo lenu lina mlango wenye springi unaojifunga, usiuwekee tofali uwe wazi hata siku ya kuhamisha vitanda.

Ukilazimika kutumia hita usiku mmoja huku ukimsubiri fundi, ichomeke moja kwa moja ukutani, iwe futi 3 kutoka blanketi, pazia na kochi, na izime unapolala. Tena pima na gharama: wati 1500 kwa saa 24 ni uniti 36. Ukikadiria senti 30 kwa uniti, hizo ni karibu dola 11 kwa siku, na zinaingia kwenye bili yako wewe.

Oveni iliyoachwa wazi ipashe jikoni joto haina tofauti na mbabula ikiwa ni ya gesi.

"Kesi yangu ya hifadhi ya ukimbizi haijaisha. Nikilalamika nitafukuzwa."

Kanuni za joto zinaihusu nyumba, hazimuulizi anayeishi ndani ana karatasi gani. Mkaguzi anakuja na kipimajoto, si na orodha ya uhamiaji. Na mwenye nyumba akikupa notisi ya kuhama au kukupandishia kodi ndani ya miezi sita baada ya wewe kulalamika kwa mkaguzi, sheria ya jimbo inachukulia kwamba analipiza kisasi mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Akishindwa anaweza kudaiwa kodi ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kinga hiyo inategemea uwe na ushahidi wa tarehe, ndiyo maana nasisitiza ujumbe wa maandishi. Ule wa simu ya mkononi unatosha, lakini usiufute.

Wako wanaokwenda upande wa pili wakasema: joto hakuna, basi kodi silipi. Taratibu hapo. Sheria inaruhusu kuzuia kodi ikiwa ulimjulisha mwenye nyumba kabla ya kuanza kuizuia, hukuwa na deni, na ubovu haukuletwa na wewe. Hizo pesa ziweke kando zote, senti kwa senti, kwa sababu hakimu anaweza kuagiza sehemu yake ilipwe. Aliyezituma nyumbani kwa arusi ya mdogo wake hana la kujitetea.

"Wakati wa baridi hawaruhusiwi kukata gesi wala umeme."

Kinga ipo, lakini haiji yenyewe. Massachusetts inazuia kukata kuanzia Novemba 15 hadi Machi 15 kwa familia yenye dhiki ya kipato ambayo joto lake linategemea huduma hiyo, na lazima ujaze fomu kuthibitisha dhiki. Familia yenye dhiki na mtoto chini ya miezi 12 ina kinga yake pia, vivyo hivyo mwenye ugonjwa mzito aliye na barua ya daktari. Minnesota, waliko jamaa zetu wengi, kipindi ni Oktoba 1 hadi Aprili 30, na huko unatakiwa uwe umefanya mpango wa malipo na kampuni na uufuate.

Deni nalo halifutwi, linakusubiri Machi. Kwa wenye tangi la mafuta hali ni nyingine kabisa. Muuza mafuta hafungwi na kinga hizi, na halazimiki kuja kama hujalipa. Ombeni msaada wa mafuta, ule mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP, mapema msimu ukifunguliwa. Msisubiri mshale wa tangi ufike robo.

"Mambo ya kuziba nyufa na kuokoa umeme ni ya wenye nyumba zao."

Kwanza soma mkataba wako. Massachusetts, bili ya joto ni ya mwenye nyumba isipokuwa mkataba wa maandishi useme ni yako. Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Nimeona familia mbili zikilipa gesi miaka mitatu kwa sababu waliambiwa tu mlangoni siku ya kupokea funguo.

Kisha fanya jaribio. Siku ya upepo washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu ukingoni mwa dirisha na chini ya mlango. Moshi ukipinda, hapo ndipo dola zako zinapotokea. Kwangu ulipinda hata kwenye soketi ya umeme ya ukuta wa nje.

Mpango wa kampuni za umeme na gesi za jimbo uitwao Mass Save unatuma mtu kukagua nyumba bila malipo, na mpangaji anaruhusiwa kumwita. Vitu vidogo huachiwa papo hapo. Sufi ya kuta na dari inahitaji idhini ya mwenye nyumba, na wengi hukubali wakiona punguzo. Pesa zake hazitoki hewani. Chukua bili yako ya umeme, shuka kwenye orodha ya makato, utafute ule mstari wa ada ya matumizi bora ya nishati. Unalipa kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza ulipoandikisha mita kwa jina lako.