Miwasho Ukeni: Pima Kwanza, Ndipo Umeze Dawa

Nafanya kazi maabara hapa Dodoma. Wiki haiishi bila mama kunifungulia mkoba na kunionyesha pakiti tupu za flukonazoli, vidonge vya kutibu fangasi aitwaye kandida, tatu au nne, ndipo anaomba kipimo. Maswali yenu mengi yanatokana na hilo.

Kandida ni nini?
Ni fangasi wa jamii ya hamira. Wengi wetu tunaishi nao bila shida. Huleta ugonjwa wakizidi, hasa kwa mjamzito, mwenye kisukari, aliyetoka kutumia antibayotiki au mwenye kinga iliyoshuka.

Kuna ubaya gani nikinunua dawa kwanza, halafu nisipopona nije kupima?
Upo, tena mkubwa. Dawa inaweza kuwadhoofisha fangasi bila kuwamaliza. Hapo nikiotesha sampuli yako huenda isiote kitu, majibu yanasema hakuna fangasi, nawe unarudi nyumbani unawashwa vilevile. Pima kwanza.

Mbona dalili ni zilezile za mwaka jana?
Dalili hazitoshi. Trikomona, kimelea cha zinaa, huwasha, bakteria hutoa uchafu, kisonono pia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na flukonazoli. Muuzaji wa duka la dawa muhimu hana hadubini kaunta. Na kama una mimba, usimeze kidonge hicho bila daktari. Nasema tena: pima kwanza.

Mnapimaje?
Tunachukua majimaji kwa swabu, yaani kijiti chenye pamba, haiumi. Tunatia tone la potasiamu haidroksaidi, seli zako zinayeyuka, fangasi wanabaki. Kwenye hadubini utaona vijiyai vinavyochipua, kimoja kimebeba kingine mgongoni. Hayo ni majibu ya siku hiyohiyo.

Kumjua ni kandida yupi kunahitaji kuotesha. Tunampaka kwenye kisahani chenye lishe ya kuoteshea fangasi iitwayo Sabouraud, tunamweka kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na baada ya siku 1 au 2 yanatokea madoa meupe kama krimu, yananukia unga ulioumuka. Tunachota kidogo tunatia kwenye seramu ya damu, nyuzi 37, saa 2 hadi 3. Akitoa vimrija, karibu kila mara ni *Candida albicans*. Asipotoa, tunaendelea kumtafuta, maana yupo *Candida krusei* ambaye flukonazoli haimwezi kwa asili yake. Ukimeza pakiti kumi, yeye yupo tu.

Ndiyo maana naumia mtu akitoka Bahi au Kongwa, anatoa sampuli, kisha harudi kuchukua majibu.

Nikijisafisha kwa ndimu, shabu au kitunguu saumu?
Acha, tafadhali. Vinachubua ngozi ya ndani na kuharibu sampuli. Siku moja kabla ya kipimo usiingize kitu chochote ukeni.

Nimeshameza. Nije au nisije?
Njoo, wala usifiche. Njoo na pakiti ileile, utuambie ulimeza siku gani na vingapi, daktari apange sampuli ichukuliwe lini.