Rana Kumbha na minara miwili ya ushindi

Ukimtaja Rana Kumbha, mfalme wa Mewar wa karne ya 15, mbele ya mtu wa Rajasthan, India, utaambiwa hapohapo kwamba hakushindwa vitani hata mara moja. Mimi kazi yangu ni kusoma majengo na maandishi ya mawe ya zama zile, na sifa hiyo huwa sina haraka ya kuikubali.

Alirithi Mewar mwaka 1433, angali kijana, baada ya baba yake Mokal kuuawa na ami zake, Chacha na Mera, waliozaliwa na suria. Aliyemsaidia kulipiza kisasi ni Ranmal wa ukoo wa Rathore, mjomba wa baba yake. Msaada ukageuka mzigo: Warathore wakashika kila cheo pale Chittor, mji mkuu wa Mewar, hadi mwaka 1438 Ranmal naye akauawa. Mwanawe Jodha alitoroka na roho yake. Ndiye aliyekuja kujenga Jodhpur mwaka 1459.

Hasimu mkubwa alikuwa Mahmud Khilji, sultani wa Malwa, nchi jirani. Walikutana Sarangpur mwaka 1437, na kumbukumbu ya vita hivyo inahusishwa na Vijay Stambha, mnara wa ushindi wa Kumbha, wa orofa 9 wenye kimo cha takriban mita 37, ndani ya ngome ya Chittor. Ngazi zake ni finyu, zinazunguka tumboni mwa mnara, na kuta zimejaa miungu ya Kihindu, wengi wao majina yao yamechongwa chini ya miguu. Halafu, katikati ya miungu hao, unakuta neno Allah limechongwa kwa herufi za Kiarabu, tena kwa kurudiwarudiwa. Wanaotaka kuvigeuza vita vile kuwa vya dini tupu hulipita jiwe hilo kimyakimya.

Sasa nenda Mandu, mji mkuu wa Malwa. Mahmud naye mwaka 1443 alijenga mnara wa ushindi, wa orofa 7, kusherehekea kumshinda huyohuyo Rana! Umebomoka, limebaki tako lake tu. Kama ungesimama wote, nadhani tungesimulia habari hii kwa sauti ya chini zaidi. Maana Mahmud aliiteka ngome ya Gagron mwaka 1444, na ile ya Mandalgarh mwaka 1457. Chittor yenyewe hakuipata, na mwaka 1456 Malwa na usultani wa Gujarat waliwekeana mkataba wa Champaner ili wamgawane Kumbha, bado wakashindwa kummaliza. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake ya kweli: alibanwa pande mbili akabaki amesimama.

Alibaki kwa sababu ya ngome. Masimulizi ya Mewar yanampa 32 kati ya 84 za nchi hiyo. Kumbhalgarh, iliyosanifiwa na Mandan, ina ukuta unaotajwa kuwa na urefu wa kilomita 36. Na katikati ya pilikapilika zote hizo alipiga vina, ala ya nyuzi ya Kihindi, akaandika kitabu kikubwa cha muziki, Sangitaraja. Hekalu la Wajaini la Ranakpur nalo lilijengwa enzi zake, kwa fedha za tajiri Dharna Shah.

Mwaka 1468, akiwa Kumbhalgarh, aliuawa na mwanawe mwenyewe, Uda. Wakuu wa Mewar hawakumkubali muuaji huyo. Mwaka 1473 ndugu yake Raimal alimng'oa, na mwana wa Raimal ndiye Sanga, aliyepambana na Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal, kule Khanwa mwaka 1527.