Latensi na bafa: kwa nini sauti huchelewa unaporekodi nyumbani

Unavaa hedifoni, unafungua programu ya kurekodia, unaanza kuimba, na sauti yako inakufikia masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Mdomo umeshafika neno la pili, sikio bado liko la kwanza. Ukijitahidi kwenda na mdundo ndivyo unavyozidi kuvutwa nyuma. Kuchelewa huko ndiko kunakoitwa latensi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Anayetaka kununua kompyuta na kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) aanze na dhana hii kabla ya nyingine zote, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha pesa yake iende wapi.

Maiki hutoa umeme unaopanda na kushuka kulingana na sauti. Kadi ya sauti huupima umeme huo mara 44,100 kwa sekunde, kiwango kilichotumika kwenye CD, au mara 48,000, kiwango cha kazi za video. Kila kipimo ni sampuli. Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja, maana wakati huohuo inachora skrini, inasoma diski na kuhudumia Wi-Fi. Basi sampuli hukusanywa kwanza mahali paitwapo bafa, kama abiria wanaosubiri gari lijae ndipo liondoke. Bafa ikiwa kubwa, kompyuta inapata nafasi ya kupumua lakini wewe unasubiri.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 hujaa kwa milisekunde 2.9, ya 256 kwa 5.8, ya 512 kwa 11.6, na ya 1,024 kwa 23.2. Tena safari ni mbili, kuingia na kutoka. Bafa ya 512 basi inakula zaidi ya milisekunde 23 kabla hujahesabu muda wa kugeuza umeme kuwa namba na namba kuwa umeme, pamoja na akiba ambayo draiva nyingi (programu zinazounganisha kadi na kompyuta) hujiwekea kimyakimya.

Je, kiasi gani kinavumilika? Sauti hewani husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, karibu mita moja kwa kila milisekunde 3. Mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya yake anaisikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 9, na anapiga vizuri tu. Mwimbaji ndiye mwenye shida zaidi. Sauti yake humfikia pia kupitia mifupa ya kichwa, papo hapo, kisha ile ya hedifoni inakuja kujichanganya nayo. Hata ucheleweshaji mdogo ambao hausikiki kama mwangwi unaweza kuifanya sauti yake imsikikie nyembamba, yenye uwazi ndani.

Kwa nini basi tusiweke bafa ya 32 tukamaliza kazi? Kwa sababu kompyuta lazima imalize mahesabu yote kabla bafa inayofuata haijafika. Ikichelewa, utasikia mikwaruzo na sauti inayokatika. Prosesa basi isipimwe kwa idadi ya koo, yaani vitengo vya hesabu vilivyo ndani yake, peke yake. Njia moja ya sauti, yaani mstari mmoja wa rekodi ndani ya programu, yenye mlolongo wa plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) kwa kawaida hubebwa na koo moja, kwa hiyo kasi ya kila koo ina uzito mkubwa. RAM ya GB 16 na diski ya SSD zinatosha kuanzia, isipokuwa kama utapakia maktaba kubwa za ala. Laptopu irekodi ikiwa imechomekwa kwenye umeme, kwa kuwa ikitumia betri mara nyingi hujipunguzia kasi.

Upande wa kadi ya sauti, tazama draiva kabla ya umbo la plagi. Kwenye Windows njia ya kutegemewa ni ASIO, iliyoasisiwa na Steinberg mwaka 1997, ambayo huipitisha sauti kando ya mchanganyo wa kawaida wa Windows. Chagua kadi ambayo mtengenezaji wake ameiandikia draiva yake ya ASIO na bado anaisasisha. Mac ina mfumo wake wa kazi hiyo ndani yake, Core Audio. USB-C ni umbo la tundu tu, haikuahidi latensi ndogo. USB 2.0 ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, wakati stereo ya biti 24 kwa sampuli 48,000 inahitaji kama 2.3.

Kadi nyingi zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja. Ukikibonyeza, sauti ya maiki inarudi kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta, na latensi karibu inatoweka. Kumbuka kuzima sauti ya njia ya maiki hiyo ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili. Mwimbaji mwenye kitufe hicho anaweza kurekodi vizuri hata kwa kompyuta ya zamani. Mpiga kinanda cha MIDI (kinachotuma maagizo ya noti, si sauti) kitufe hicho hakimsaidii, kwani sauti yenyewe inazaliwa ndani ya kompyuta. Vivyo hivyo kwa gitaa linalopitishwa kwenye amplifaya ya programu. Hao ndio wenye sababu ya kulipia prosesa na draiva nzuri.

Hedifoni za Bluetooth ziache pembeni wakati wa kurekodi. Huongeza kwa kawaida zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa itakayokuokoa.

Rekodi kwa bafa ya 64 au 128, kisha unapochanganya njia zote ziwe wimbo mmoja ipandishe hadi 1,024. Ukishanunua kadi, ipime: zima kwanza kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, unganisha tundu la kutolea sauti na la kuingizia kwa waya, cheza mlio mfupi na uurekodi kwenye njia nyingine. Programu nyingi huisogeza rekodi nyuma kulingana na latensi iliyotajwa na draiva, kwa hiyo milio miwili ingepaswa kulingana. Vuta picha karibu hadi uone sampuli. Ikiwa bado kuna pengo, hicho ndicho kiasi ambacho draiva haikukitaja, na programu nyingi zina sehemu ya kukiandika kwenye mipangilio ili kila rekodi ijayo ikae mahali pake.