Farasi Anayeshtuka Si Mkaidi

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba farasi anayeruka pembeni au kugoma kupita mahali fulani ni mkaidi anayempima mpandaji wake, na kwamba dawa yake ni mjeledi. Imani hiyo haina msingi. Farasi ni mnyama anayewindwa, na silika yake ni kukimbia kwanza, kuchunguza baadaye. Macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa huona karibu pande zote, takriban nyuzi 350, lakini hayaoni kilicho nyuma ya mkia wala kilicho mbele kabisa ya paji la uso. Ndiyo maana anayemjia kimyakimya kwa nyuma hujitafutia teke.

Kabla ya kuruka, mara nyingi huwa ameshasema. Masikio huelekea kwenye kinachomtia shaka, shingo huinuka na kukakamaa, matundu ya pua hupanuka. Inasikitisha kwamba wengi huyaona haya yote na bado humchapa, kwani maumivu yanayofuata papo hapo humthibitishia kwamba mahali pale pana hatari kweli.

Naye hutusoma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kwamba farasi walioonyeshwa picha za nyuso zenye hasira walielekea kuzitazama kwa jicho la kushoto, ambalo farasi hulitumia zaidi kwa vitu vinavyomtia shaka, na mapigo ya moyo wao yalipanda upesi zaidi. Kinachofaa farasi anaposhtuka ni kumsimamisha kwa umbali anaoweza kuuvumilia, kulegeza hatamu, kumwacha atazame na kunusa, kisha kusonga mbele anaposhusha kichwa.