Kutembea Katikati ya Mbio Siyo Kushindwa, na Dhana Nyingine za Mapigo ya Moyo

"Kocha, nikifuata mapigo ya moyo naishia kutembea. Sasa hiyo ni mbio gani?" Swali hili linakuja na kila kundi jipya nikiliambia likimbie taratibu, mapigo ya moyo yasipande sana, na nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Dhana: Usipohema, hujafanya mazoezi

Nani aliwaambia? Moyo wa mtu ambaye hajakimbia kwa miaka husukuma damu kidogo kwa kila pigo. Misuli ikidai oksijeni, hauna la kufanya ila kupiga haraka, ndiyo maana mita mia mbili za jogingi zinatosha kukufikisha mapigo 165 kwa dakika. Wala haina maana kwamba hukuumbwa kukimbia. Mwili haujazoea, na unazoeshwa kwa muda mrefu kwenye mwendo mwepesi. Ukidumu humo, moyo hujaa damu zaidi na kutoa nyingi kwa pigo moja, vishipa vyembamba huongezeka ndani ya misuli, na mitokondria zinazogeuza mafuta na sukari kuwa nguvu huongezeka pia.

Anayekimbia kama anafukuzwa hapati muda huo. Dakika kumi kashika kiuno, keshokutwa magoti yanauma, wiki ya tatu hatumwoni tena. Pumzi hukua ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa vinataka miezi, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Kwa hiyo tembeeni! Jogingi dakika moja, kutembea mbili, kwa nusu saa, siku tatu au nne kwa wiki. Anza kutembea kabla hujaelemewa. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, alianza kufundisha kuchanganya kukimbia na kutembea miaka hiyohiyo ya 1970, na hakuna aliyemwita mvivu.

Kipimo changu ni hiki: msimulie mwenzako mechi ya Simba na Yanga. Ukimaliza sentensi nzima bila kuikata, mwendo ni sahihi. Ukitoa neno moja moja, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Mara moja kwa mwezi pita njia ileile, kwa mapigo yaleyale, saa ileile ya asubuhi, uangalie muda. Wengi huanza kuona tofauti baada ya miezi miwili au mitatu, wakiwa na subira, na hapo ndipo tunapoweza kuongeza siku moja ya kasi.

Dhana: Wakenya hukimbia kasi kila siku

Eliud Kipchoge alimaliza marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, chini ya dakika tatu kwa kilomita. Lakini nenda Iten au Kaptagat, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa Kenya, siku ya mbio nyepesi uone wanavyoanza: wanaburuza miguu kama wametoka usingizini sasa hivi. Kasi wana siku zake.

Dhana: 220 toa umri ndiyo kikomo cha moyo wangu

Huo ni wastani wa watu wengi. Wawili wenye miaka 40 wanaweza kuwa na vikomo vya 168 na 192, wote wazima kabisa. Hesabu ya kocha Phil Maffetone, 180 toa umri, ambayo ni ya mapigo ya kutovuka kwenye mwendo mwepesi, inafaa zaidi kuanzia kwa sababu inakuzuia kukimbilia juu, ila nayo ni makadirio tu.

Dhana: Saa haikosei

Saa ya mkononi inayopima mapigo ikilegea huweza kuhesabu hatua zako ikidhani ni mapigo. Ukiona 170 ghafla na wewe unaongea vizuri, ikaze, au nunua mkanda wa kifuani wa kupima mapigo. Na kwa joto la Dar mchana mapigo hupanda hata ukienda taratibu, kwa kuwa moyo unapeleka damu kwenye ngozi kuupoza mwili. Amkeni alfajiri.

Dhana: Mapigo ya chini hukata kitambi

Kweli, sehemu kubwa zaidi ya nguvu inatoka kwenye mafuta, lakini nguvu yenyewe unayotumia kwa dakika ni kidogo. Kitambi mkakiulizie jikoni.

Wanaotumia dawa ya presha ya atenolol na nyingine za jamii hiyo, hesabu hizi zote haziwahusu, maana dawa yenyewe inazuia mapigo kupanda. Tumieni kipimo cha Simba na Yanga, na mwoneni daktari wenu kabla ya kuanza. Yeyote anayebanwa na kifua au kuona kizunguzungu akikimbia asimame hapohapo, aende hospitali, asinitumie mimi picha ya saa.