Ndege haingojwi na dunia

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya hapa Mombasa: eti kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, ndege iendayo magharibi hufika upesi, mji unaifuata. Ushahidi ni tiketi: kuondoka London 10:00, kufika New York 13:00. Saa tatu tu!

Si kweli. Hizo ni saa za miji miwili, na kwa sehemu kubwa ya mwaka New York iko nyuma ya London kwa saa tano. 13:00 ya New York ni 18:00 ya London. Safari ni ya saa nane, kilomita 5,500 na kitu. Kurudi ni kama saa saba. Anayewahi ni yule aendaye mashariki, kwa sababu ya upepo mkali uvumao kutoka magharibi, kilomita 9 hadi 12 juu.

Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani yake. Ukiruka juu ndani ya feri ya Likoni, feri haikuachi. Isingekuwa hivyo, helikopta ikielea juu ya Mombasa saa moja ingeshukia Kongo, maana hapa dunia huzunguka kilomita 1,660 hivi kwa saa.

Kuhakiki, geuza saa zote ziwe za mji mmoja, ndipo utoe ya kuondoka kwenye ya kufika. Usichanganye pia 10:00 ya tiketi na saa kumi yetu. 10:00 hiyo ni saa nne asubuhi.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna atakayepanga ndege ya kuunganisha kwa hesabu hiyo, aikose.