Kikonyo kinapojisokota

Kikonyo tumekizoea kwenye tunda, ila mwilini navyo vimejaa. Korodani, ovari, figo na wengu, kila kimoja kina shina lake lenye ateri, vena, neva na mishipa ya limfu. Serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, ina jozi 3 za vikonyo, lakini hivyo ni nyuzi za neva tupu, tuviache. Vya mishipa ya damu ndivyo vyenye kisirani, kwa kuwa husokoteka.

Kikisokoteka, ateri siyo ya kwanza kuziba. Vena ina ukuta mwembamba na damu yake haina msukumo mkubwa, kwa hiyo hubanwa mapema huku ateri ikiendelea kuingiza. Damu inaingia, haitoki. Kiungo huvimba, hugeuka zambarau, na mwishowe uvimbe wenyewe huikaba ateri. Ndiyo maana kipimo cha Doppler, ultrasound inayoonyesha mwendo wa damu, huweza kuonyesha damu ikipita kwenye ovari ambayo tayari imesokotwa. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika asirudishwe nyumbani kwa sababu ya picha hiyo.

Kwa korodani hesabu ni saa 6 tangu isokoteke. Ikisokotolewa ndani ya muda huo, nyingi huokoka. Zikipita saa 24, ni chache. Daktari huzishikiza korodani zote 2 kwa kuzishona ndani ya mfuko wake zisisokoteke tena, hata ile nzima, maana ulegevu ulioponza moja mara nyingi uko pande zote.

Kwenye upasuaji wa kumtoa mbwa jike ovari, kikonyo kinazibwa kwa makusudi. Cha kulia kiko mbele zaidi na ni kigumu kukivuta juu, hivyo kwanza ligamenti inayoishikilia ovari kuelekea mbavuni hulegezwa au kukatwa. Kisha kikonyo hubanwa kwa klampu 3, yaani vibanio vya upasuaji. Ya chini kabisa hutolewa, na uzi hukazwa kwenye mfereji ulioachwa nayo.

Kosa kubwa ni kufunga uzi ukigusana na klampu ambayo bado imebana. Klampu hutandaza nyama kama upepeo wa mkono. Ikifunguliwa, nyama hujikusanya na fundo hubaki limelegea. Mafuta mengi huzidisha tatizo. Baada ya kukata, shika ukingo wa kigutu kwa koleo dogo, kamwe usishike uzi, fungua klampu, tazama kama kinavuja damu; kisipovuja, ndipo ukirudishe tumboni taratibu.